Marla, mbeba mizoga aliyeikalia siri ya dubu miaka miwili

Ng'ombe aliyekufa ni mzito kuliko aliye hai, na asiyeamini aje amsaidie Marla Rostad kumpandisha huyu.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa nne, na barafu ya usiku bado inavunjika chini ya buti. Marla amelirudisha lori lake kinyumenyume hadi kwenye lango la mfugaji mmoja wa Bonde la Badger Fork, jimbo la Montana. Amefunga mnyororo kwenye miguu ya nyuma ya ng'ombe mwekundu, na sasa anabonyeza kitufe cha winchi. Winchi inalia. Ng'ombe anapanda nusu, anakwama kwenye ukingo wa lori, anagoma.

"Twende, mama," Marla anamwambia ng'ombe. "Uliringa sana ulipokuwa hai. Sasa inatosha."

Kabla ya kushuka alipiga honi mara tatu, akasubiri injini ikiwa inanguruma, akavikagua vichaka vya kushoto na vya kulia. Kopo la pilipili ya kupulizia limening'inia kifuani pake. Wengi hulivaa kiunoni, lakini yeye hataki kabisa. "Dubu hakupi nafasi ya kupapasa mkanda," anasema.

Marla ana umri wa miaka sitini na mmoja, mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano, anazunguka bonde zima akikusanya mizoga: ng'ombe, ndama, kondoo, na mara moja farasi ambaye mmiliki wake alimlilia mpaka Marla naye akalia. Msimu uliopita alibeba mizoga mia tatu na kumi na minne. Ushirika wa wafugaji humlipa dola mia moja na arobaini kwa siku.

"Harufu napewa bure," anaongeza.

Kazi yenyewe inatokana na tumbo la dubu. Dubu grizli, yule mkubwa mwenye nundu mabegani, huamka mapangoni wakati ambapo ng'ombe wa bonde hili wanazaa. Amefunga miezi mitano bila kuonja kitu. Na tangu zamani kila familia hapa ilikuwa na jalala lake la mizoga, korongo nyuma ya zizi ambako babu alitupa wanyama waliokufa, baba akatupa, na mwana anatupa. Kwa dubu hiyo ni karamu. Akishazoea kula korongoni, kesho yuko kwenye banda la kuku, na keshokutwa anakutana na mtu mlangoni.

Siku hizi mfugaji anapiga simu, anauvuta mzoga hadi langoni, na Marla anakuja kuuchukua. Mizoga yote inakwenda nje ya mji mdogo wa Tollef, ndani ya uzio wa umeme, inafunikwa na maranda ya mbao hadi iwe udongo.

"Dubu sina ugomvi naye," anasema Marla, ng'ombe akiwa ameshakubali kulala ndani ya lori. "Anafuata pua yake. Hata mimi nikisikia harufu ya mkate wa mdalasini siulizi umetoka nyumba ya nani."

Lori ni la kijivu, halina maandishi, na turubai limefungwa pande zote nne. Hilo ni agizo la wafugaji wenyewe. Hapa Badger Fork unaweza kumuuliza mtu habari za goti lake, ndoa yake, hata kura yake. Humuulizi amepoteza ndama wangapi. Wanaume hukaa mgahawani asubuhi nzima wakijadili theluji na bei ya nyasi, lakini idadi hiyo haitamkwi. Inasema mengi mno juu ya mtu: kama alisinzia msimu wa kuzaa, kama nyasi zake zilikuwa mbovu, kama ataendelea kuwa mfugaji mwakani. Kwa hiyo mbeba mizoga, ambaye anajua idadi ya kila lango, anapaswa kuwa mtu wa kufunga mdomo.

"Halafu wakaniajiri mimi!" Marla anacheka mpaka anaegemea usukani.

Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule. Alilosema mtoto asubuhi kwenye kiti cha tatu, jioni mama yake alikuwa analo, na jirani pia. Mumewe Gordy, fundi wa magari, anasema nyumbani kwao hawakuwahi kuhitaji redio. Kamati ya ushirika ilipokaa kumjadili, kila mmoja alikubali kwamba ana nguvu, anaamka mapema na anajua kila lango.

"Mwenyekiti akaniambia, 'Marla, mikono yako tunaiamini,'" anakumbuka. "Akaishia hapo hapo."

Hofu yao haikuchukua muda kutimia. Katika msimu wake wa kwanza, miaka mitano iliyopita, dhoruba ya theluji ilipiga bonde wakati ng'ombe wanazaa. Wiki nzima Marla alipita kwenye lango la mzee Clyde Hoversten, na kila siku alikuta ndama wamelazwa chini ya turubai. Siku ya saba akaingia mgahawani kujipasha moto. Moyo ulikuwa umemjaa.

"Ilikuwa huruma tu, naapa. Nikasema, 'Maskini Clyde, kumi na mmoja kwa wiki moja.' Vijiko vikasimama kwenye vikombe."

Kabla ya saa sita mchana habari ilikuwa imefika mwisho wa bonde. Alasiri Clyde mwenyewe akaja, akasimama uani kwa Marla na kuvua kofia.

"Nashukuru kwa kazi yako, Marla," alimwambia. "Usije tena langoni kwangu."

"Angenitukana ningelala usingizi," anasema Marla. "Lakini alinivulia kofia."

Tangu siku hiyo mizoga ya Clyde ikarudi kwenye korongo la babu yake. Korongo lenyewe liko mita mia mbili kutoka dirisha la jikoni, na njia ya kwenda kwenye banda la kuku inapita ukingoni mwake. Kila asubuhi mke wa Clyde, Ardis, mwanamke mdogo wa umbo anayesikia kwa sikio moja tu, hupita hapo kwenda kuokota mayai.

Msimu wa pili zikaonekana nyayo kwenye matope: dubu jike na watoto wawili. Msimu wa tatu nyayo zikawa nyingi. Mwaka huo huo, ng'ambo ya mto, mchunga kondoo mmoja alimkurupusha dubu kwenye mzoga, akararuliwa ngozi ya kichwa na kushonwa nyuzi zaidi ya themanini. Marla akawa halali vizuri. Kila akifumba macho anamwona Ardis na kikapu chake.

"Kwa sababu ya mdomo wangu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Si kwa sababu ya dubu. Clyde si mjinga, alikuwa ameshakubali kupiga simu. Mimi ndiye niliyemrudisha korongoni."

Alipika pai akaipeleka. Sahani ilirudi imeoshwa, haina kitu. Alimtuma mchungaji wa kanisa. Mchungaji alikaribishwa kahawa, akazungumziwa habari za mvua, akaagwa. Clyde alikuwa na adabu zote, na mlango haukufunguka.

Ndipo ikaja asubuhi moja ya mwezi wa nne, miaka miwili iliyopita. Marla alikuwa barabarani, amebeba kondoo wawili, simu ikalia.

"Marla. Ni Clyde hapa. Una nafasi?"

Ilikuwa miaka mitatu hajaisikia sauti hiyo. Akasimamisha lori.

"Ninayo. Uko wapi, mzee?"

"Korongoni. Juu ya mashine ya kuvunia ngano."

"Ile kuukuu ya baba yako? Unafanya nini huko?"

"Napunga upepo," akasema Clyde. Kisha, kwa sauti ya chini: "Yuko hapa chini na watoto wake. Ameiangusha pikipiki. Bunduki iko kwenye pikipiki."

"Mpigie Ardis asitoke ndani!"

"Nikimpigia Ardis ndiyo atatoka. Atakuja na ufagio. Unamjua. Na saa ya mayai imekaribia."

Marla anasema hakumbuki kufungua lango. Gordy alikuja kulikarabati baadaye, kwa hiyo huenda hakulifungua.

Clyde alikuwa ameburuta ndama mfu kwa pikipiki ya magurudumu manne, upepo ukivuma kutoka kwa dubu kuja kwake, na mngurumo wa injini ukiziba kila sauti. Dubu naye hakumsikia mpaka wakawa hatua kumi na tano mbali. Alitoka kwenye vichaka vya mierebi masikio yamelala, akigonganisha meno. Clyde, mwenye miaka sabini na mitano na goti la chuma, alipanda ile mashine yenye kutu kwa kasi ambayo hajawahi kuielewa hadi leo. Ukucha mmoja ulimchana suruali kuanzia mfukoni hadi kwenye pindo. Nyama haukuigusa.

Marla akashuka kwenye mteremko akipiga honi mfululizo, akaliingiza lori katikati ya dubu na mashine. Dubu hakukimbia. Alikuwa na mzoga na watoto, na kwa mama wa aina hiyo honi si kitu. Akaja moja kwa moja, akasimama, akarudi nyuma hatua chache, akaja tena. Mara ya pili akaupiga mlango wa dereva kwa kiganja, lori zima likatikisika.

"Nilikuwa naona pua yake," anasema Marla. "Ina unyevunyevu kama ya mbwa. Nikasema, Marla, leo ndiyo umekwisha, na hujamuaga hata Gordy."

Upande wa pili Clyde alikuwa anashuka, polepole, goti halikunjiki. Dubu akamwona. Akaanza kuzunguka mbele ya lori.

Marla akashusha kioo, akatoa mkono hadi begani na kubonyeza kopo. Wingu jekundu likatoka, likampata dubu usoni kama inavyotakiwa. Dubu akakohoa, akajifuta kwa viganja vyote viwili, akageuka, akapanda ukingo wa korongo na watoto wake wawili nyuma yake. Hakutazama nyuma.

Halafu upepo wa Badger Fork ukafanya unavyofanya siku zote. Ukageuka. Wingu lote likarudi, likaingia dirishani, wakati Clyde anaufunga mlango wa abiria.

"Nimezaa mara tatu," anasema Marla. "Sijawahi kulia vile."

Wakakaa humo ndani, vipofu wote wawili, machozi na kamasi vikiwachuruzika, kila mmoja akimpapasia mwenzake chupa ya maji. Walijimwagia, ikawa mbaya zaidi. Wakaanza kucheka. Na katikati ya kicheko hicho, kwa kuwa machozi yalikuwa tayari yanatoka na hakuna ambaye angejua ni ya nini, Clyde akasema jambo.

"Hawakuwa kumi na mmoja mwaka ule. Walikuwa kumi na tisa. Wanane niliwaficha hata wewe."

Marla akamwomba msamaha. Hajui kama alisikika, maana alikuwa anakohoa. Clyde akampigapiga begani, akashuka kwenda kumzuia Ardis asitoke.

Kabla ya kuondoka aligeuka. "Sasa, Marla. Kuhusu hadithi hii..."

"Hadithi gani?" akauliza Marla.

Kesho yake alikuja na lori tupu. Kwa siku tatu walisafisha korongo, safari tisa, mifupa ya miaka sabini. Marla alimwambia ofisa wa wanyamapori kwamba jalala moja limefungwa na kwamba jike mwenye watoto wawili amepata pilipili ya kutosha kwa mwaka mzima. Jina la mtu hakulitaja. Ofisa, aliyekuwa ameshatenga mtego kwa ajili ya jike huyo, aliurudisha ghalani. Wiki mbili baadaye dubu na watoto wake walionekana juu kabisa mlimani, wakichimba mizizi.

Sasa ndipo mateso ya Marla yalipoanza. Alikuwa na hadithi tamu kuliko zote zilizowahi kutokea bondeni, mzee Hoversten juu ya mashine na suruali imepasuka, na hakuwa na wa kumsimulia. Mgahawani mtu akianza habari za dubu alijaza mdomo mkate. Aliwasimulia ng'ombe wafu njiani. Gordy alipouliza alama nne ndefu kwenye mlango wa lori zimetoka wapi, alijibu amekwaruza nguzo.

"Nguzo yenye makucha," anasema Gordy, akifuta mikono kwa kitambaa. "Nimeishi na huyu mwanamke miaka thelathini na minane. Akiongea, ni kawaida. Aliponyamaza nikajua ni jambo kubwa, nikaona nisimharibie."

Mwezi uliopita ushirika ulifanya mkutano wake wa mwaka katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kukiwa na rojo la nyama na maharage, na mikate ya mdalasini pembeni. Wafugaji wanne walikuwa bado wanakataa kupiga simu na wanatupa mizoga korongoni. Mwenyekiti akauliza kwa nini.

Rusty Amundt, mmoja wa wale wanne, hakusita.

"Dubu hata mimi siwapendi, kama ninyi," akasema. "Lakini mimi mambo yangu siyapakii kwenye lori la Marla. Samahani, Marla, uko hapa na ninasema mbele yako. Huo mdomo wako tunaujua tangu wakati wa basi."

Marla akaangalia bakuli lake. Anasema alitaka kujibu, na jibu alikuwa nalo, tena lenye mashine ya kuvunia na kila kitu. Angelitoa, angekuwa amethibitisha maneno ya Rusty. Akaendelea kula.

Nyuma ya ukumbi kiti kikasogea. Clyde Hoversten, ambaye hajawahi kusimama kwenye mkutano wowote isipokuwa kuimba, akasimama.

Alisimulia yote. Ndama, pikipiki, dubu, simu, pilipili. Alipofika kwenye suruali, Ardis, aliyekaa pembeni yake, akageuza upande wa sikio lake zima.

"Clyde Hoversten! Uliniambia ilinaswa na waya!"

"Ilinaswa, mpenzi. Waya ulikuwa na watoto wawili."

Watu walicheka hadi mwenyekiti akaacha kugonga meza. Clyde akangoja. Kisha akauliza, "Kuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikia habari hii?"

Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Miaka miwili kasoro mwezi," akasema Clyde. "Mwanamke huyu. Ameikalia miaka miwili kasoro mwezi. Na mwaka ule wa dhoruba nilipoteza ndama kumi na tisa. Si kumi na mmoja. Hilo nalo alikuwa analijua."

Tangu ng'ombe waanze kufugwa katika bonde hili, pengine hakuna mtu aliyewahi kuitaja idadi yake kwa sauti mbele ya majirani. Watu walitazama sahani zao. Halafu sauti ikatoka karibu na birika la kahawa: "Sisi ishirini na watatu." Mwingine akasema saba. Mjane mmoja akasema kumi na wanne, na kwamba mumewe aliwalilia zizini akidhani haonekani. Ikaendelea hivyo meza hadi meza, na Marla, ambaye alizijua zote na tangu kosa lile la mgahawani hakuwa ametaja hata moja, akatoka nje kupiga chafya.

"Pilipili," anaeleza. "Inakaa muda mrefu."

Usiku ule wawili kati ya wale wanne walijiandikisha. Rusty aliondoka bila kumaliza mkate wake. Mfugaji wa nne hakuwa amefika mkutanoni.

Kwa hiyo yamebaki majalala mawili tu Badger Fork, na hilo ndilo tumaini la Marla kwa sasa. Ardis na Clyde wamepanda nyasi korongoni, na dubu anapita juu mlimani bila kushuka. Marla anataka bonde zima liwe hivyo kabla mgongo wake haujastaafu. Anajipa misimu miwili. "Siku lango la mwisho litakaponipigia, naegesha lori, nawapa vijana. Mtu yeyote atoke kwenda kuokota mayai yake bila kusikilizia vichaka."

Anaposema hayo, simu inalia. Anaitazama namba, na mashavu yanamshuka. Anasimamisha lori kando ya barabara na kuipokea.

"Ndiyo," anasema. "Ndiyo, mimi mwenyewe. Wangapi?" Anasikiliza. "Usiwaguse zaidi. Wafunike tu, wasogeze langoni. Hapana, si shida. Hapana. Simwambii mtu." Anawasha injini. "Nakuja sasa hivi, mwanangu."

Anakata simu. Macho yake yamelowa na kopo la pilipili halijaguswa. Anageuza lori hadi mbele ya mgahawa wa Tollef, anamwambia mwandishi wa habari hii, aliyepanda naye tangu asubuhi, ashuke, akanywe kahawa.

Mwandishi anauliza aliyepiga ni nani.

"Kazi," anasema Marla, akionyesha kidole upande wa magharibi. "Kwanza simama hapa. Angalia milima ile, usione nashika njia ipi, mpaka usisikie lori tena."

Mwandishi akaangalia milima.